Mjadala: Je, wanajeshi wastaafu watengewe nyumba za bei nafuu Nakuru?

Mwanzisha mada, Lanet
Mimi nasema ndiyo. Nakuru tuna kambi ya Lanet, na Gilgil ni karibu tu, kwa hiyo askari wengi wakistaafu hawarudi walikotoka. Wanabaki huku kwa sababu watoto wameshazoea shule za hapa. Wengi wao walikuwa wakiishi nyumba za kambi. Siku ya kuvua sare, mshahara na nyumba vinaondoka pamoja. Na wa vyeo vya chini hustaafu mapema, watoto wakiwa bado sekondari. Kiinua mgongo kinaishia kwenye karo na madeni ya sako.

Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ilipitishwa 2022. Ya Nyumba za Bei Nafuu ikafuata 2024, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho. Pendekezo langu: kila mtaa unaojengwa kwa pesa hizo, sehemu itengewe wastaafu hawa, tena bila amana, yaani bila malipo ya kwanza ya kununulia nyumba.

Mchangiaji, Kisumu
Napinga. Kwa nini askari? Mama mboga wa Kondele hana pensheni hata ya shilingi moja, na Nyalenda kila mvua kubwa watu wanaamka maji yakiwa ndani. Hao mtawaambia nini? Halafu tuseme ukweli: nafasi zikitengwa, wa kwanza kwenye orodha watakuwa maofisa wenye ploti tatu. Koplo hatajua hata fomu ilitoka lini.

Mjane, Gilgil
Ndugu zangu, mnabishania fleti. Mume wangu alipofariki akiwa kazini, fleti haikuwa shida yangu ya kwanza. Nilitakiwa kuhama kambini wakati makaratasi ya mirathi hayajaanza kusonga. Nikaenda kwao, upande wa Bungoma, nikaambiwa shamba ni la ndugu zake. Sheria ya Urithi inamtambua mjane, najua, lakini kesi inataka nauli na wakili, na watoto wanalala wapi kesi ikiendelea? Nilichohitaji ni kodi ya miezi kadhaa na mtu mmoja anayezijua hizo ofisi, aende nami mpaka mwisho. Nilizunguka peke yangu.

Mwanzisha mada, Lanet
Mama, pole sana. Ulichosema ndicho Marekani walifanya, na kimezaa matunda. Askari mstaafu asiye na makao hupewa vocha ya kodi pamoja na afisa wa ustawi anayemfuatilia yeye na familia. Katika hesabu yao ya usiku mmoja wa Januari, maveterani wasio na makao walikuwa zaidi ya 74,000 mwaka 2010. Mwaka 2024 walikuwa 32,882. Na tangu 1944 serikali yao huwadhamini kwenye mkopo wa nyumba: askari hapewi nyumba ya bure, ila benki inakubali kumkopesha bila amana. Udhamini wa namna hiyo haumnyang'anyi mama mboga chumba chake.

Ndugu wa Kisumu, umeuliza kwa nini askari. Serikali yenyewe ndiyo iliyompeleka Somalia, na ndiyo iliyompa nyumba ambayo familia yake inatolewa. Tena nchi hii iliwahi kuwagawia askari makao: mwaka 1919 wakoloni waligawa mashamba ya nyanda za juu kwa wanajeshi wazungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wa Kariakor, yaani Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi, ambao walikufa kwa maelfu katika vita hivyo hivyo, hawakupata hata robo ekari. Linaniuma hilo mpaka leo.

Kuhusu maofisa, hofu yako ni ya haki. Sheria ya 2024 ina kundi la nyumba za kijamii, la wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Tupime kwa pensheni, cheo kisitajwe kabisa. Tuanze na wajane na wastaafu wa kundi hilo: kodi ya miezi ya mwanzo ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na kila kambi iwe na afisa wa kufuatilia mirathi kabla familia haijaambiwa ihame. Hapo bado unapinga?