Gati kongwe la Malindi: tulitengeneze vipi ili lidumu?

MwanaShela

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mtaani kwetu hapa Malindi liko gati dogo la zamani ambalo wavuvi bado hulitumia kupakulia samaki, ingawa zege la nguzo zake limebanduka, nondo zimechomoza nje zikiwa nyekundu kwa kutu, na mbao za juu zimeoza hata mchukuzi mwenye tenga kichwani hulazimika kujaribu kwa mguu kabla ya kukanyaga. Wazee, wavuvi na vijana tumekubaliana kuchanga tulikarabati. Mji huu umeishi kwa bahari: Sultani Majid wa Zanzibar alipoufufua mwaka 1861, mtama na ufuta wa mashamba yake ulipakiwa majahazini kupelekwa ng'ambo, na ndiyo sababu hatutaki kuvunja kila kitu na kumwaga zege jipya. Tuanzie wapi, na tutumie vifaa gani?

Nahodha Mstaafu

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kabla ya kuhesabu mifuko ya saruji, pimeni kina cha maji. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi, hubeba udongo wa mashamba ya bara na kuumwaga baharini kaskazini ya mji. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, mkondo husukuma tope hilo hadi kwenye ghuba yetu, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiingia hulirudisha upande wa kaskazini. Miaka mingi ya tope hilo imeipunguzia ghuba kina. Pimeni kwenye ncha ya gati siku ya bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamekupwa kabisa, na mpime katika misimu yote miwili. Mkikuta mchanga mtupu, msitupe fedha kwenye nguzo za mwisho; tengenezeni sehemu ambayo mashua na madau yanaifikia.

Fundi wa Chokaa

Naunga mkono maneno ya Nahodha. Kuhusu nguzo, chumvi hupenya ndani ya zege, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo kuziba nyufa kwa saruji juu juu ni kuficha ugonjwa. Zege bovu lichongwe hadi nyuma ya nondo, chuma kisafishwe au kibadilishwe, ndipo mjaze upya. Ikiwa kichwa cha gati upande wa nchi kavu kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, nawasihi msikipige plasta ya saruji, kwa sababu saruji hufungia unyevu na chumvi ukutani, na jiwe hulika huku plasta ikionekana nzima. Tumieni chokaa iliyolowekwa ikaiva. Mbao za juu zinaweza kushikiliwa na boriti za mikoko kama mkandaa au muia, zinazouzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, ila mnunue kwa mwenye kibali cha idara ya misitu. Boriti zisikae majini, kwani wapo viumbe wa baharini wanaotoboa mti hadi ukabaki ganda.

Bi Maweni

Wanangu, mmeeleza vizuri kazi ya ujenzi, lakini mimi nina hofu na miaka itakayofuata. Kule Hastings, Uingereza, gati lililofunguliwa mwaka 1872 liliungua mwaka 2010. Wananchi walinunua hisa, fedha za bahati nasibu ya taifa zikaongezwa, likafunguliwa tena mwaka 2016, na mwaka 2017 likapata tuzo ya Stirling ya usanifu majengo. Mwaka huohuo taasisi ya hisani iliyoliendesha ilishindwa na gharama ikaingia katika ufilisi, na mwaka 2018 gati likauzwa kwa mtu binafsi. Watu walikuwa wamejitolea kwa moyo wote, na ujenzi ulisifiwa. Kilichokosekana ni mapato ya kutosha ya kulitunza. Kwa hiyo kubalianeni sasa hivi ushuru mdogo wa kila chombo kinachoshusha samaki, uwekwe kwenye akaunti yenye watia saini kutoka kwa wavuvi na kwa wazee, na usitumike kwa lolote ila gati. Pia nendeni mapema NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwenye mamlaka ya bandari, msije mkasimamishwa nguzo zikiwa zimeshachongwa.

MwanaShela

Ahsanteni sana, wazee wangu. Tutapima kina bamvua ijayo, na suala la ushuru nitalipeleka kwenye kikao cha wavuvi kabla ya mchango wowote kukusanywa. Fundi, kichwa cha gati letu ni cha matumbawe kweli, na tayari kimepigwa plasta ya saruji upande mmoja. Je, tuibandue yote, au tuache ile ambayo bado imeshika?

Fundi wa Chokaa

Igongeni kwa nyundo ndogo. Panapolia kama patupu ndani, bandueni, kwani hapo imeshaachana na jiwe. Palipo imara msipalazimishe, maana mtaling'oa jiwe lenyewe.