Mradi wa fukusi wa mahindi: tufanye nini kabla ya kuuwasilisha kwenye maonyesho ya sayansi?

MwalimuWaBaiolojia

Habari za kazi, walimu wenzangu na wadau wa sayansi. Ninafundisha baiolojia katika sekondari ya kutwa mkoani Tabora, na ninawaongoza mabinti wawili wa kidato cha tatu wanaotaka kupeleka mradi wao Young Scientists Tanzania, taasisi ambayo ilianza kufanya maonyesho yake ya kitaifa Dar es Salaam mwaka 2012. Wanachunguza kama majivu ya kuni na unga wa majani makavu ya mwarobaini huwazuia fukusi wasiharibu mahindi yaliyohifadhiwa. Swali hili wamelitoa nyumbani, kwa kuwa bibi wa mmoja wao huchanganya majivu kwenye mahindi ya mbegu kila mwaka.

Walianza kwa chupa tatu: ya majivu, ya mwarobaini, na ya tatu isiyowekwa kitu, kila moja ikiwa na fukusi 20. Baada ya wiki mbili, fukusi karibu wote katika chupa ya majivu walikuwa wamekufa, nao wakafurahi sana. Wiki ya sita walipoimimina chupa ile ile kwenye sinia walihesabu fukusi hai 31, na punje nyingi zilikuwa zimetobolewa. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ripoti inaweza kuishia wiki ya pili. Nilimkatalia, lakini sikuweza kumweleza kilichotokea. Naomba msaada wenu: kosa liko wapi, na je, mradi wenye matokeo kama haya unafaa kuwasilishwa?

FundiMaabara

Mwalimu, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kumkatalia binti huyo. Ninaamini kosa liliingia pamoja na mahindi yenyewe. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute unaokauka, hivyo punje inayoonekana nzima huenda tayari ina mtoto ndani yake. Panapokuwa na joto na unyevu wa kutosha, kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua takriban siku 35, yaani wiki tano, na hiyo inalingana vizuri na mlichokiona wiki ya sita. Majivu humkwangua mdudu ngozi yake ya nje yenye nta, akapoteza maji na kukauka, lakini hayamfikii aliye ndani ya punje.

Anzeni upya na mahindi yaliyogandishwa kwenye friza kwa wiki moja hadi mbili, yakiwa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na msiufungue mfuko huo mpaka mahindi yarudie joto la kawaida, la sivyo yatashika unyevu. Wakati huo fugeni fukusi kwenye chupa ya pembeni ili mpate wadudu wa umri unaokaribiana. Chupa moja kwa kila dawa haitoshi, kwa sababu hamtajua kama tofauti imeletwa na dawa au na bahati. Wekeni chupa nne za majivu, nne za mwarobaini na nne zisizo na kitu, ambazo ni chupa 12 na fukusi 240. Midomo ya chupa ifunikwe kwa kitambaa chepesi kilichokazwa kwa mpira, wadudu wapumue bila kutoroka.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea ni kuhesabu waliokufa. Fukusi akiguswa hukunja miguu na kutulia kabisa kama mfu. Mwageni wadudu kwenye karatasi nyeupe, subirini dakika kadhaa, kisha mguseni kila mmoja kwa ncha ya unyoya kabla ya kuandika chochote.

JajiMstaafu

Nimekaa upande wa majaji kwa miaka kadhaa katika mashindano ya shule, na jibu langu ni kwamba mradi huu unafaa sana, pamoja na lile jaribio la kwanza. Liandikeni kama lilivyokuwa, tarehe na idadi zake zote, kisha mweleze lilivyowafikisha kwenye jaribio la pili. Mimi kitu cha kwanza kukiomba huwa ni daftari, hata kabla sijasoma bango, na ninalipenda lenye alama za vidole na namba zilizokatwa kwa mstari mmoja zikasomeka bado. Daftari lililonakiliwa upya usiku wa kuamkia mashindano hujulikana mara moja.

Wafundisheni pia kuondoa vifo vya kawaida kwa kanuni ya Abbott ya mwaka 1925. Tuseme wamekufa asilimia 60 kwenye majivu na asilimia 10 kwenye chupa zisizo na kitu: 60 toa 10 ni 50, gawanya kwa 90 (yaani 100 toa 10), zidisha kwa 100, mnapata karibu asilimia 56. Hiyo ndiyo kazi halisi ya majivu.

Kwa kuwa mko Tabora, hakikisheni mnamtofautisha fukusi na dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ambaye barani Afrika alibainika kwanza mkoani kwenu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fukusi ana mdomo mrefu uliochomoza kama mkonga. Dumuzi hana mkonga, na kichwa chake kimeinamia chini kiasi kwamba ukimtazama kutoka juu hukioni. Wakichanganyika kwenye chupa, hesabu yenu haitakuwa na maana.

MshirikiWaZamani

Naomba kuongezea moja tu, Mwalimu. Mwambieni bibi awaonyeshe anavyochanganya, halafu mpime kwa mizani majivu yake na mahindi yake. Sisi tulijichagulia kipimo wenyewe, na jaji alipouliza kwa nini gramu zile na si nyingine, tulibaki tunatazamana.

MwalimuWaBaiolojia

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Leo tumepasua punje kumi za mahindi ya gunia lile lile tulilotumia mwanzo, na katika punje mbili tumemkuta mtoto mweupe wa fukusi, amejikunja. Yule aliyetaka ripoti iishie wiki ya pili ndiye aliyeomba kumchora kwenye daftari. Muuza samaki wa jirani ametukubalia tutumie kona ya friza yake, na Jumamosi tunakwenda kwa bibi na mizani.