Tupeane uzoefu: umesoma kitabu gani karibuni, na umemsomea nani?

Mwanzisha mada, Kibokoni

Ndugu zangu wapenzi wa vitabu, hamjambo nyote. Ninaomba tuelezane vitabu tulivyovisoma miezi hii ya karibuni, lakini tusiishie kutaja jina la kitabu na kusema kuwa ni kizuri. Kila mmoja atueleze mahali palipomsimamisha, na pia atuambie kama alikisoma peke yake au alimsomea mtu, kwa kuwa ninaamini kwa dhati kwamba vitabu vingi vya pwani yetu, hasa vya mashairi, vilitungwa kwa ajili ya sikio.

Nianze mimi. Tangu Ramadhani kumalizika nimekuwa nikimsomea baba yangu *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, kwa sababu macho yake hayawezi tena herufi ndogo. Mshairi huyu alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1946, na alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka aliouandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi ya kitabu hiki aliyatunga gerezani, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakachapishwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata kitabu kilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Hayo tulisomeshwa shuleni. Kilichonishangaza safari hii ni kwamba baba, ambaye hakuwahi kukishika kitabu hiki mkononi, alikuwa akinitangulia katika vina: nikifika katikati ya mshororo naye ameshalitaja neno la mwisho, na mara nyingi lilikuwa ndilo. Amekulia katika Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, na tungo za vikao, kwa hiyo sikio lake linajua ubeti unakoelekea.

Tulipofika katika shairi la ndugu wawili wanaogombania mnazi, ambalo kila mmoja anajibu beti za mwenzake, alinizuia nisiendelee. Alitaka kwanza tuseme nani kati yao ana haki, kama wazee wafanyavyo kabla ya kulikata shauri, na mama akaitwa kutoka jikoni aje atoe rai yake. Nimesikia wengi wakilifasiri shairi hilo kuwa ni habari ya nchi na wananchi wake, nami ninakubaliana nao, lakini jioni ile nyumbani kwetu liligeuka kuwa kesi ya mirathi, na sidhani kama mshairi angechukia.

Mfanyakazi wa bandari, Changamwe

Ninakushukuru kwa mada hii. Mimi kazi yangu iko katika bandari ya Kilindini, na kitabu nilichokimaliza majuzi ni *Kuli* cha Shafi Adam Shafi, kilichochapishwa mwaka 1979. Ni habari ya Rashidi, mtoto wa kuli wa bandari ya Unguja ambaye umasikini unamsukuma kwenye kazi ile ile ya babake, mpaka tunafika kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Nilikuwa ninakisoma kimya kimya wakati wa mapumziko ya mchana, na siku moja mwenzangu mmoja akaniomba nisome kwa sauti. Tangu hapo sikupata tena ruhusa ya kusoma peke yangu, na siku ambazo meli ilichelewa kufunga gati tulikwenda hata sura mbili.

Vijana wa sasa wamezoea kuona kontena likinyanyuliwa na winchi, kwa hiyo walipofika mahali pa magunia waliuliza mtu mmoja aliwezaje kubeba mzigo ule toka asubuhi hadi jioni. Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akachukua gunia tupu, akaingiza pembe moja ndani ya nyingine likawa mfano wa kofia, akalivaa kichwani likateremka mpaka mgongoni, kisha akainama kidogo na kutuonyesha mahali mzigo unapokaa ili usimvunje mtu shingo. Hakusema mengi. Baada ya hapo kila gunia lililotajwa kitabuni tulilisikia kwa uzito mwingine.

Jambo jingine lililozuka ni kwamba wengi hawakujua kuwa mji wetu wenyewe ulikuwa na mgomo mkubwa mwaka mmoja kabla ya ule wa Unguja. Januari 1947 watu wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na watumishi wa majumbani waliacha kazi kwa pamoja, na Mombasa ikasimama. Chege Kibachia, aliyeliongoza shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa mwaka huo huo na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Ninatamani sana tuwe na riwaya ya Kiswahili iliyosimulia mgomo wa Mombasa kama Shafi alivyousimulia wa Unguja. Kuhusu kitabu chenyewe, sura za utoto wa Rashidi zilinigusa zaidi kuliko zile za mikutano, ingawa wenzangu walipinga vikali na wakataka sura za mikutano zirudiwe.

Dada wa Majengo

Mimi nimesoma *Utendi wa Mwana Kupona* pamoja na mama yangu, na ninakiri kuwa tuliuanza kila mmoja akiwa na lake moyoni. Mama anajua beti nyingi kwa ghibu kwa sababu alifundishwa na nyanya yake. Mimi nilikuwa nimeusikia ukishutumiwa kuwa ni utendi unaomfundisha mwanamke kunyamaza mbele ya mume, na kweli beti hizo zimo: mume akilala asiamshwe, asiinuliwe sauti, apepewe. Sikuzipenda, nami sitajifanya nimezipenda kwa kuwa ni za zamani.

Lakini nilipousoma wote niliona jambo ambalo wanaoushutumu hawalitaji. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na anamwambia binti yake Mwana Hashima aje karibu na wino na karatasi, akae, aandike. Mama anayejua kuwa huenda hatapona anamwita bintiye aandike, na bintiye anajua kuandika. Nilimuuliza mama kwa nini tunazungumzia beti za mume peke yake ilhali sehemu kubwa ya utendi ni adabu kwa watu wote na dua ndefu ya mgonjwa kwa Mola wake. Mama alinijibu kuwa beti za mume ndizo zilizokuwa zikisomewa maharusi, na dua ilisomwa na wanawake wenyewe walipokuwa peke yao. Jibu hilo silikuti katika vitabu vya uhakiki, na ninaliweka hapa ili na wengine wawaulize mama zao.

Msomaji wa Likoni

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha mada, kwa heshima. Vitabu vingine vinataka msomaji awe peke yake. Mimi nimesoma *Peponi*, yaani riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Nimekisoma asubuhi na jioni nikivuka kwa feri, nimesimama katikati ya umati, na sikutaka mtu anisemeshe.

Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye babake anamtoa kwa tajiri Aziz kulipia deni, naye mtoto hajui kwamba amewekwa rehani. Anadhani anakwenda kumtembelea ami yake. Dukani anamkuta Khalil, kijana aliyetangulia kutolewa kwa deni kama yeye, ambaye kila Yusuf akisema ami anamkatiza kuwa huyo si ami yako, mwite Seyyid. Maneno hayo yanarudiwa mara kwa mara, na kila yanaporudiwa mtoto anazidi kufahamu hali yake. Nilikuwa nimeisoma riwaya hii kwa Kiingereza zamani, na ninasema bila kusita kwamba mazungumzo ya dukani, utani na matusi ya wapagazi safarini, yote yamekaa mahali pake zaidi katika Kiswahili. Kama ningeisoma kwa sauti mbele ya watu, pale ambapo mtoto anafahamu nadhani ningeshindwa kuendelea.

Mama wa watoto watatu, Bamburi

Nitasema kwa ufupi. Ninawasomea wanangu *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, kile cha mwaka 1960 chenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Lugha ya kale inawapa taabu mwanzoni, lakini wanataka kujua nani aliyeua, na hamu hiyo imewafanya wajifunze msamiati ambao walimu wao wanauhangaikia.

Mwanzisha mada, Kibokoni

Ndugu yangu wa Likoni, hoja yako nimeikubali kwa upande wa riwaya. Kwa mashairi bado ninashikilia nilichosema.

Mwalimu mstaafu, Kisauni

Wanangu, nimefurahi kuwasoma. Mimi nimerudi kwa mshairi wetu wa Mombasa, Muyaka bin Haji, na kwake yeye suala la sauti halina mjadala, kwani bila vinywa vya watu tusingekuwa na ubeti hata mmoja. Muyaka alifariki kiasi cha mwaka 1840, baada ya kuishi katika Mombasa ya Wamazrui, ukoo ulioutawala mji huu, na kuzitungia vita zao, akijibizana kwa beti na washairi wa Lamu kama Zahidi Mngumi. Tungo zake zilibaki katika kumbukumbu za wenyeji mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya miongo kadhaa baadaye, akiwauliza wazee na kuziandika, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor. Mhariri William Hichens alizitoa kama *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akazichapisha tena kwa maelezo mwaka 1979. Tunamtaja Muyaka kila siku, na Mwalimu Sikujua tunamsahau, ilhali yeye ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba.

Ninazisoma baada ya alasiri na rafiki zangu wawili, barazani, na tumegundua kuwa beti kadhaa tulizozipokea kwa wazee wetu zinatofautiana na zilizochapishwa, wakati mwingine kwa neno moja na wakati mwingine kwa mshororo mzima. Tunaziandika pembeni kwa penseli pamoja na mtaa wa mzee aliyetusomea. Toleo nililo nalo ni la 1979. Aliye na lile la 1940 ninamwomba tukutane tulinganishe, na yeyote ambaye babu au nyanya yake bado anazikumbuka beti za Muyaka amsikilize wiki hii na kuziandika kama zilivyosemwa, bila kuzisanifisha.