Gemu ya mieleka ya nyumbani: WWE 2K, AEW au nirudi PS2? Naomba ushauri

BabaMapacha_Moro
Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua gemu ya mieleka kwa ajili ya nyumbani. Nimepita madukani nimekuta WWE 2K23, 2K24, 2K25, halafu kuna hii ya AEW Fight Forever, ya kampuni pinzani wa WWE, ambayo muuzaji anasema ndiyo habari ya mjini. Ipi nzuri? Nataka nilipie Jumamosi.

Kipanga75
Mkuu, "ipi nzuri" kwenye mashine gani? PS4? PS5? Xbox? Weka nyama kwanza.

FundiPedi
Na pedi unazo ngapi? Wanaocheza ni akina nani? Una intaneti ya nyumbani au unaunga bando la simu? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua gemu, jina la kwenye kava lije baadaye.

MwanaWaKisauni
Maswali yote ya nini, ndugu yangu? Tafuta PS2 na Here Comes the Pain ya 2003, ile yenye Brock Lesnar kwenye kava. Gemu ya mieleka iliishia pale. Zilizofuata ni picha nzuri tu. Mle ndimo Elimination Chamber, ile mechi ya ndani ya kizimba cha chuma, ilipoingia mara ya kwanza, ndimo Cena, Batista na Rey Mysterio walipoanza kuonekana kwenye SmackDown. Kuna kile kichoro cha mwili pale pembeni, ukimshughulikia mtu mguu unabadilika rangi, mwisho hata kusimama kwake ni shida. Na kasi yake bwana! Hapa kwetu tulikuwa tukilipa kwa mechi, aliyepigwa anaondoka, na foleni ya watoto hadi barabarani. Nionyesheni 2K gani imewahi kukusanya watu namna ile.

DadaChokeslam
Kaka wa Kisauni, HCTP (Here Comes the Pain) nimeicheza na naiheshimu. Lakini sema yote. Wanawake humo walikuwa wachache, na mechi waliyotengewa wao ilikuwa ya kuvuana nguo. Mleta uzi anaitwa BabaMapacha, naona kuna watoto hapo. Ungewawekea hiyo sebuleni mama yao akiwa amekaa?
2K24 toleo la Deluxe kavani wapo Bianca Belair na Rhea Ripley. 2K25 unaweza kumpandisha Rhea ulingoni na mwanaume yeyote wakapigana. Kaka yangu aliyekuwa akinipa pedi iliyokufa siku hizi namtoa jasho na Rhea huyohuyo.

BabaMapacha_Moro
Samahani wakuu, nilikuwa safarini. Mashine ni PS4, ya shemeji yangu, ananiuzia. Ina pedi mbili. Watacheza mapacha wangu wana miaka 11 na mdogo wangu anakaa hapa nyumbani. Intaneti ni ya kuunga kwenye simu.

Kipanga75
Na bajeti? 😂 Mtu unamvuta maneno kama jino.

FundiPedi
Sawa, sasa tunaongea. Kwa PS4 na bando la simu mimi ningekuambia 2K24 ya CD, ya mtumba. Sababu zangu:
2K25 ya PS4 ipo, ila ile sehemu mpya waliyoipigia debe, The Island, haimo. Ni ya PS5 na Xbox Series. Kwa hiyo unalipia gemu jipya halafu unakosa kilicholifanya liwe jipya. (Kusema kweli hukosi kitu, kisiwa chenyewe kimejaa vitu vya kununua kwa VC, sarafu ya ndani ya gemu.)
2K24 imerudisha mechi ya jeneza, ya ambulansi na ile ya refa maalumu. Mapacha wawili na mmoja wao awe refa? Hiyo peke yake inatosha likizo nzima, na ugomvi juu.
Mechi za kawaida, Universe (unaendesha ratiba ya maonyesho), MyGM (unakuwa meneja) na Showcase (mechi za kihistoria) unacheza bila mtandao. Unachokosa ni MyFaction, ile ya kukusanya kadi za wachezaji, na kushusha wachezaji waliotengenezwa na wenzako. Hivyo navyo usivitegemee, kwa sababu seva zao huwa wanazizima. Za 2K22 zilizimwa mwanzoni mwa 2024, gemu halijafikisha hata miaka miwili.
Na chonde chonde, ukiona 2K20 inauzwa bei ya nyanya, pita. Tarehe 1 Januari 2020 watu waliamka gemu haliwaki. Tarehe tu kubadilika, basi. Ilibidi urudishe saa ya mashine nyuma ndipo lifunguke, mpaka walipoleta rekebisho.

Chande_Ilala
Naongezea kwa FundiPedi: CD, CD, CD. Usikubali "akaunti".
Kulikuwa na jamaa mtandaoni anauza 2K kwa akaunti, bei chini ya nusu. Anakupa barua pepe na nywila, unaingia, unashusha gemu, unafanya mashine yako kuwa ya msingi kwenye ile akaunti, kisha unarudi kucheza na akaunti yako. Alinielekeza kwa upole kabisa, mpaka na sauti alinitumia. Nikanunua bando la usiku, nikaliacha linashuka. Asubuhi limefika nusu. Nikanunua lingine. Fedha niliyookoa kwenye gemu nikaimaliza kwenye mtandao, lakini likawaka. Tukacheza wee. Nikamtengeneza babu yangu humo ndani, kanzu sikuipata nikamvika joho la Undertaker, bakora mkononi. Anaingia ulingoni na moto unalipuka pande zote. Nyumba nzima inacheka.
Idi ikaja. Binamu wamefika kutoka Bagamoyo, nimeazima pedi mbili kwa jirani, pilau limeshuka. Nawasha, juu ya picha ya gemu kuna kufuli. Najaribu kuingia kwenye akaunti, nywila siyo hiyo. Nampigia jamaa, simu inaita haipokelewi. Namtumia ujumbe, tiki moja. Baadaye nikakutana na watu wengine wawili wenye kufuli lilelile, akaunti moja ametuuzia wote. Siku ile tulicheza karata. Babu yangu bado yuko ndani ya diski ya mashine mpaka leo, namwona jina lake kwenye faili, simfikii.

DadaChokeslam
😭😭 Babu amefungiwa. Pole Chande.

KijanaWaBando
Mnahangaika bure wakuu. Simu + PPSSPP (programu ya kuchezea gemu za PSP) + SmackDown vs Raw 2011. Unacheza kwenye daladala. Hakuna CD, hakuna kufuli.

Kipanga75
Kijana, mtu ana watoto wawili na mdogo wake. Wacheze kwenye kioo cha inchi sita kwa zamu? Na hilo faili umelipata wapi, umelinunua?

KijanaWaBando
Mzee usinianzie. Nani humu alinunua CD halali ya PS2? Anyooshe mkono.

MwanaWaKisauni
(Kimya.)

NyundoYaUnguja
Mimi nashangaa jambo moja. Mieleka yenyewe ni maigizo. Mshindi anajulikana kabla hawajatoka chumba cha kubadilishia. Sasa gemu la maigizo lina raha gani? Si bora Tekken au mpira?

Mtoro_Muscat
Nyundo, umeuliza kama mchokozi lakini umegusa penyewe. Kwenye TV matokeo yameandikwa. Kwenye gemu hayajaandikwa. Mbwembwe zote umeachiwa, wimbo wa kuingilia, mkanda, meza ya watangazaji, ngazi, halafu mwisho wa hadithi umekabidhiwa wewe na huyo uliyekaa naye kwenye zulia. Tekken nyingi za zamani ukipunguziwa damu umepunguziwa, haikurudii ndani ya raundi ile. Mieleka unaweza kupigwa dakika kumi, unaning'inia kwenye kamba, hesabu ya refa imefika mbili na nusu, ukabonyeza kwa wakati ukamgeuzia kibao jamaa na mechi ukaichukua. Na wakiwa wanne ndiyo balaa. Mtu anakuja kukuokoa usihesabiwe tatu, unamshukuru, anakutupa nje ya ulingo. Hakuna gemu la mpira linalokupa usaliti wa namna hiyo.
Mimi nimekulia huku, tulikuwa na Nintendo 64 na No Mercy ya 2000. Waliotengeneza ni AKI wa Japani. Mshiko ulikuwa wa kitufe kimoja: ukigusa tu unamshika kilaini, ukikandamiza unamshika kwa nguvu, na kila mshiko una mapigo yake. Hakuna kipimo cha damu, kuna kipimo cha moyo. Ukipiga madoido mbele ya mashabiki kinapanda, ukipigwa kinashuka. Mtoto anaelewa siku ya kwanza, na mtu mzima mwaka mzima bado anajifunza. (Na zipo kaseti za mwanzo zilizokuwa zikifuta kila ulichohifadhi. Nalikumbuka hilo na bado nalisifia gemu, mjue mapenzi yalivyo.)
Ndiyo maana kura yangu ni AEW Fight Forever. Aliyeliongoza ni Hideyuki Iwashita, huyohuyo wa No Mercy, na kampuni ni Yuke's, haohao waliotengeneza Here Comes the Pain. Kaka wa Kisauni, huyu ni ndugu yako wa damu na hujui.

MwanaWaKisauni
Ee! Hilo la Yuke's sikulijua. Lakini nimetazama video zake, mbona mtu akiingia ulingoni ni sekunde chache tu imekatwa? Kuingia ndiyo nusu ya mieleka. Undertaker akitembea pole pole na taa zimezimwa, ule muda ndio unaenda kuchukua chai.

DadaChokeslam
Na wachezaji kiduchu. 2K24 wamo zaidi ya 200. AEW baada ya wiki umewamaliza wote. Halafu kutengeneza mchezaji wako humo ni umaskini mtupu, wakati 2K naweza kukaa usiku mzima natengeneza sura tu, hata mechi sichezi.

Mtoro_Muscat
200 ambao nusu yao ni mtu yuleyule kabadilisha suruali. Kuna Cena wangapi humo? Undertaker wangapi?
AEW wana Owen Hart. Tangu afariki pale Kansas City mwaka 1999 ungetafuta sana gemu jipya lenye Owen. Mimi hilo peke yake lilinitoa mfukoni.

Chande_Ilala
Owen hapo umenigusa mkuu.

FundiPedi
AEW kwa watoto wa miaka 11 wasio na mtandao ni sawa, vitufe ni vyepesi kuliko 2K. Tatizo hiyo mechi yao ya waya wa miiba unaolipuka. Mama yao akiingia sebuleni wakati huo, kesi inahamia kwa baba. Na narudia, wakifika wanne zinahitajika pedi nne, PS4 inazikubali bila kifaa cha ziada. PS2 ya kaka wa Kisauni ina matundu mawili tu, wanne mpaka utafute multitap, kile kifaa cha kuongeza matundu ya pedi, na siku hizi kuipata nzima ni kazi.

MwanaWaKisauni
Mshindi anabaki, aliyeshindwa anampisha mwenzake. Multitap ya nini?

NyundoYaUnguja
Bado mnasifia maigizo, ila hilo la kumtupa rafiki nje nimelipenda. Swali la pembeni: ile rekodi ya Undertaker kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, kuna gemu unaweza kuivunja?

Kipanga75
2K14 ya PS3 na Xbox 360. Kuna sehemu yake maalumu, unachagua kuitetea rekodi au kuivunja. Ilitoka Oktoba 2013, rekodi ikiwa 21 bila kupoteza. Mimi nilimpiga Taker na CM Punk wiki hiyohiyo. Brock alikuja kumpiga kweli Aprili 2014, alinikuta nimeshamaliza kazi.

DadaChokeslam
Ulimpiga kwa ugumu upi? Tuambie ukweli.

Kipanga75
Ugumu ni ule waliouweka wao, hauchagui. Taa zinazimika, unageuka yuko nyuma yako. Hakuna mpinzani wa kompyuta aliyewahi kunitisha vile.

Mtoro_Muscat
Rekodi ile haikupaswa kuvunjwa na mtu yeyote. Nasema hapa na nitasema popote.

Chande_Ilala
Basi uzi umeshahama 😂 Kama ni kuvunjwa, bora Brock kuliko Roman Reigns.

Mtoro_Muscat
Hata Brock hapana.

BabaMapacha_Moro
Wakuu nashukuru sana, nasoma vyote. Nilikuwa nimeelekea 2K24. Ila leo nimeenda kwa shemeji kuijaribu mashine, nikaibeba mpaka nyumbani, nimekosa pa kuchomeka. TV yangu ni ya chogo, ina yale matundu matatu ya rangi, njano nyekundu nyeupe.

FundiPedi
Mkuu!!! Hilo si ndilo ungelisema mstari wa kwanza? PS4 inatoa HDMI peke yake.

MwanaWaKisauni
Allahu Akbar. PS2 hiyo inakuita, inaingia kwenye chogo kama imezaliwa nayo. Nilisema mimi.

Kipanga75
Hata PS3 ina tundu la waya wa AV. Anaweza kuchukua PS3 na 2K14, watoto wampige Undertaker.

DadaChokeslam
Au anunue TV kwanza jamani, tuko mwaka gani?

FundiPedi
Kuna kigeuzi cha HDMI kwenda AV, bei rahisi. Picha itaonekana, ila maandishi ya menyu ya 2K kwenye chogo hutayasoma, utakuwa unabahatisha vitufe. Hiyo chogo inchi ngapi? Na bajeti bado hujasema.

BabaMapacha_Moro
Inchi 21. Bajeti nilipanga laki saba pamoja na mashine, lakini mama mapacha ameuliza kwa nini isiwe TV. Na shemeji anasema PS3 anayo pia, iko kabatini, hajui kama inawaka.

Kipanga75
PS3 ipi, lile nene la mwanzo au jembamba? Kama ni yale ya 60GB ya mwanzo yanasoma mpaka CD za PS2, usimwambie shemeji.

KijanaWaBando
Ikiwaka na ukaikataa, naomba namba ya shemeji PM.