Tupeane uzoefu: pesa ya chuo ya mtoto ulianza kuweka lini, na ilikaa ama ililiwa?

Baba Twaha, Busia
Wazazi wenzangu wa Uganda salamu. Naanza na aibu yangu ndo na nyie mpate nguvu ya kutoa zenu. Kijana wangu wa kwanza alimaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, UACE, mtihani wake wa taifa, ikatoka vizuri, tukachinja kuku wawili, mama yake akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tunaozesha. Barua ya chuo ikafika mwezi wa nane. Nikaikunja nikaitia mfuko wa shati nikatembea nayo siku tatu bila kumwonyesha mtu, hata mke. Ada ya semista 1,900,000 nilikuwa naijua na nilikuwa nayo kama nusu hivi, kilichonimaliza ni karatasi ya pili iliyobanwa nyuma: usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, matibabu, chama cha wanafunzi, zile ada wanaita fankshonali, halafu hosteli hao wanataka semista nzima kabla hujaweka godoro. Nikauza kibanja cha Namayingo kwa bei ya mtu mwenye haraka na aliyenunua aliiona haraka yenyewe usoni mwangu. Sasa nikikaa najiuliza, huyu mtoto nilimjua miaka 19, hakunivamia usiku, nilikuwa wapi? Niko na mwingine P4, darasa la nne la msingi. Nyie mlifanyaje?

Mama Zaituni, Bombo
Pole baba Twaha, kibanja kimeenda lakini kijana yuko darasani, alhamdulillah. Mi nasuka vikapu na nauza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, asubuhi, mshahara sina. Tuko kikundi cha wamama 25, tuna lile sanduku la chuma la kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti na sanduku kwa mtu wa nne, kila Jumapili mtu ananunua hisa zake anapigiwa muhuri kwa kitabu. Nilianza binti akiwa P2. Lakini sikiliza kosa letu, maana najua vikundi vingi bado viko nalo: tulikuwa tunagawana Desemba. Desemba ni mwezi gani? Sikukuu, nguo, wageni kutoka kijijini, na Februari sekondari inafungua inataka rimu za karatasi, ufagio, makaratasi ya choo, sabuni. Chuo kinafungua Agosti. Pesa ya Desemba haijawahi kufika Agosti ikiwa hai, nakuapia. Miaka minne nagawiwa na miaka minne sina kitu. Ndo mama mmoja mzee, hajasoma hata P3, akasema sisi wenye watoto wakubwa tutoke tuanze sanduku letu linalofunguliwa mwisho wa mwezi wa saba. Wengine walinuna mpaka leo. Binti sasa yuko mwaka wa pili uuguzi na sijakopa mtu.

Mchuuzi wa Mpondwe
Mama Zaituni umesema kitu. Mi yangu ililiwa na korona, niwe mkweli. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguka vizuri Januari 2022, karibu miaka miwili, na mpaka wetu na Kongo nao ukafungwa, biashara yangu ni vitenge kutoka ng'ambo. Niliweka milioni nne kwa simu, kwa mobail mani yangu ya kawaida tu, kidole kimoja unatoa. Posho, yaani unga wa ugali, ikaila yote. Sijutii kula maana watoto walikuwa wanalia njaa, najutia kuweka mahali pa kutoa na kidole.

Afande Mstaafu, Nakasongola
Jambo wote. Mi nilienda njia ya bondi za serikali, Watanzania wanaita hatifungani, unaikopesha serikali inakurudishia na faida. 2014 binti yupo P4 nikapiga hesabu kwa vidole: P4, P5, mpaka S6 2023, chuo Agosti 2024, basi nikachukua ya miaka 10 iive mwaka huo huo. Inauzwa na Bank of Uganda, unafunguliwa akaunti ya CSD, daftari lao la kuandika bondi zako, kupitia benki yako, kianzio ni 100,000 si lazima uwe tajiri. Faida inaingia kila miezi sita, hiyo nilikuwa nalipia ada ya sekondari. Kodi wanakata kwa faida, kwa bondi ya miaka 10 kwenda juu 10%, fupi 20%. Hesabu ilikuwa safi. Sasa korona ikamrudisha binti mwaka mzima, bondi ikaiva 2024 yeye bado yuko S6. Wee, pesa nzima imekaa kwa akaunti, shemeji zangu wote wakajua sijui ni nani aliwaambia, mmoja anataka pikipiki, mwingine ana kuku wa biashara. Nikairudisha haraka serikalini kwa bili ya siku 364, ndugu mfupi wa bondi. Askari anajua kurudi nyuma.

Baba Twaha, Busia
Haha afande! Na mtu akiumwa katikati ya hiyo miaka 10?

Afande Mstaafu, Nakasongola
Unaweza kuuza bondi kabla haijaiva, benki inanunua, ila kwa bei ya siku hiyo na unaweza kupoteza. Ndo maana usitie yote. Mbuzi niliacha kwa ajili ya hospitali.

Ticha wa Soroti
Mnaongea pesa tu. Nafundisha sekondari na kila mwaka naona mzazi ana pesa na mtoto hana kombinesheni, yaani yale masomo anayochagua S5. Udaktari unataka baolojia na kemia, mtoto akishaingia S5 na HEG (historia, uchumi, jiografia) eti kwa sababu rafiki zake wako huko, hata ukiuza ng'ombe wote haisaidii. Pointi zenyewe za kuingia chuo zinapimwa kwa uzito, masomo ya lazima kwa kozi yanazidishwa mara 3, yanayohusiana mara 2, yanayosaidia mara 1, mengine nusu. Kwa hiyo A ya somo lisilohusika ni mapambo. Nafasi zinazolipiwa na serikali ni kama 4,000 kwa mwaka nchi nzima, humo humo mna zilizotengewa wilaya, wanamichezo na wenye ulemavu. Binti anaongezewa pointi 1.5, Makerere walianza hiyo 1990. Mkae na mtoto akiwa S3, si siku ya kujaza fomu.

Mama Aisha, Arua
Ongezea mkopo wa serikali ticha, ule wa HESFB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ulioanza 2014. Unalipa ada, fankshonali na utafiti, chakula na kulala ni juu yako, na kozi ni zaidi za sayansi. Sisi karibu tuukose kwa herufi moja. PLE, cheti cha darasa la saba, imeandika Aisha, kitambulisho cha taifa kimeandika Aisya, nani aliandika hivyo Mungu anajua, ila kosa ni langu, nilikiona kitambulisho siku ya kwanza nikacheka nikasema ah ni lafudhi. Wiki mbili za hati ya kiapo, wakili, ofisi moja inanituma nyingine, boda kwenda boda kurudi, fomu zinafungwa Ijumaa na mi nimepata muhuri Alhamisi jioni. Angalieni majina ya watoto leo, wakiwa bado P7, weka vyeti vyote mezani usome herufi kwa herufi.

Mchuuzi wa Mpondwe
Nimetoka kuangalia sasa hivi. Wa kwangu kwa cheti cha kuzaliwa ni mwanamume. Ni msichana.

Mama Aisha, Arua
Banange 😂 kesho asubuhi mapema uende.

Baba Twaha, Busia
Nami nimetoa ya huyu wa P4, jina liko sawa, ila mwaka wa kuzaliwa unamfanya awe mkubwa kuliko dada yake. Mama Zaituni, lile sanduku la mwezi wa saba, mwanamume wa Busia anaruhusiwa kununua hisa?

Mama Zaituni, Bombo
Hisa utanunua. Funguo hatukupi.