Tupeane uzoefu: kugawa diski na kutengeneza flashi ya kupigia Windows

Fundi_Kimara (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Tangu Microsoft wafunge huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu haziishi mezani kwangu. Mmoja anataka kuhamia Windows 11, mwingine mashine yake haina TPM 2.0 (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai) anaomba awekewe Linux. Kupiga Windows (kuiweka kwenye mashine) kwenyewe siku hizi ni kazi ya mtoto. Kinachokula muda ni diski inayogoma kugawika na flashi isiyobuti, yaani mashine haiwaki kupitia kwayo. Tuwekeane hapa yaliyotukuta. Nadharia tuziache YouTube.

Naanza na langu. Mpiga picha wa harusi kaleta laptopu, imejaa picha za watu ambazo hajawakabidhi. Diski ilikuwa ya MBR, mpango wa zamani wa kugawa diski, na Windows 11 inataka GPT, mpango mpya. Mafundi wengi wakifika hapo hufuta partisheni (vipande vya diski) zote na kuanza upya, na ndipo ugomvi na mteja unapoanzia. Windows ina amri yake ya kugeuza bila kufuta, mbr2gpt, ipo tangu toleo la 1703 la Windows 10. Kwanza tulihamishia picha kwenye diski ya nje. Kisha nikafungua CMD, dirisha la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS. Ikagoma! Kumbe diski ilikuwa na partisheni nne, na amri hii haitaki zizidi tatu. Moja ilikuwa ya kurejeshea Windows ya kiwandani, Windows 7, ambayo hakuna atakayeikumbuka. Nikaifuta, nikarudia, ikapita. Nikaweka /convert mahali pa /validate, nikaingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) nikatoa Legacy, uwashaji wa zamani, na kuweka UEFI, wa kisasa. Ikawaka, picha zote zipo.

Nyaya_Mbili

Mkuu umenikumbusha mbali. Kwangu wanaoleta flashi zao wenyewe ndio wengi: "Fundi, nimekopi Windows lakini inakataa mwishoni." Ukiangalia, flashi imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Ndani ya ISO ya Windows (faili moja lililobeba Windows nzima) kuna faili linaitwa install.wim, na siku hizi linavuka hapo. Flashi inaweza kuwa na GB 50 tupu na bado ikakuambia faili ni kubwa mno.

Tumia Rufus, programu ya kutengenezea flashi, itapanga yenyewe kwa NTFS, inayobeba mafaili makubwa, na kuweka kipande kidogo cha kubutia pembeni. Mimi siku hizi nimehamia Ventoy: unaiweka kwenye flashi mara moja, baada ya hapo unakopi ISO kama unavyokopi muziki. Flashi moja ina Windows 10, Windows 11, Mint na Ubuntu (hizi mbili ni aina za Linux), ukiwasha unachagua.

KamandaWaDOS

Flashi hata si shida. Shida ni hii: umebuti vizuri, umefika pa kuchagua diski, orodha iko tupu. Nimepokea laptopu ambayo fundi wa kwanza alishamwambia mwenye mali kwamba SSD imekufa, anunue nyingine. SSD nzima kabisa! Mashine ilikuwa Intel ya kizazi cha 11, na nyingi kuanzia hapo zina kitu kinaitwa VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski, ambacho flashi ya Windows haikitambui bila draiva. Pakua draiva ya Intel RST kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifungue iwe folda, iweke kwenye flashi ileile, kisha bonyeza Load driver. Diski inatokea hapohapo.

Wapo wanaozima VMD kwenye BIOS. Kwa diski tupu sawa, lakini kama kuna Windows ndani inaweza kugoma kuwaka.

Dada_Darajani

Jamani BitLocker, ile ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, hamjaitaja? Binti wa chuo kaja, alitaka tu tumpunguzie C tumwekee Linux pembeni. Tukazima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine), kurudi Windows inadai namba 48. Hajui hata ni namba za nini. Ufunguo hukaa kwenye akaunti ya Microsoft, na akaunti yake alifunguliwa na muuza duka siku aliyonunua, kwa barua pepe ambayo hakuwahi kuiona. Tulimpigia yule kijana, bahati alikuwa ameiandika kwenye daftari la mauzo.

Sasa hivi mteja hakai kitini kwangu kabla sijaandika manage-bde -status. Ikionyesha diski imefungwa, tunatafuta ufunguo kwanza.

Nyaya_Mbili

Dada, hilo daftari lilindwe kama hati ya nyumba.

Mzizima_Boy

Mimi si fundi, nauliza tu. Nina SSD ya GB 256, nigawe C na D ili mafaili yawe salama?

Fundi_Kimara

Mdogo wangu, usigawe. C itajaa masasisho na programu, D itabaki na nafasi usiyoweza kuitumia. Na D si bakapu. Diski ikifa zinakufa zote mbili. Nunua diski ya nje, hata iliyotumika.

KamandaWaDOS

Naongezea. Kwenye diskpart, zana ya Windows ya kugawia diski kwa amri, ukiandika clean (futa) hakuna kuulizwa "una uhakika?" Jamaa yangu alichagua Disk 1 akidhani ni flashi, kumbe ni diski ya nje yenye kazi za ofisi. Alichofanya vizuri ni kutoandika kitu chochote juu yake. Clean ya kawaida hufuta jedwali la partisheni tu, kwa hiyo TestDisk, programu ya kuokolea partisheni, iliirudisha partisheni nzima. Soma safu ya ukubwa kwenye list disk kabla ya select. Flashi ya GB 16 huonyesha kama 14, haiwezi kuwa 465.

Mzizima_Boy

Asanteni wakuu. Nimeweka Ventoy na ISO ya Mint. Laptopu ni Acer, nabonyeza F12 wee, inapita moja kwa moja Windows.

Fundi_Kimara

Acer nyingi huja F12 imezimwa. Ingia BIOS kwa F2, sehemu ya Main, tafuta F12 Boot Menu uweke Enabled, F10 kuhifadhi. Kisha izime, uiwashe huku unagongagonga F12, usiishikilie.