Mama hataki kuhama kijijini, tufanyeje azeekee kwake salama?

Kitindamimba_Rombo
Habari za saa hizi wakuu, naombeni ushauri wa waliopitia hili maana familia yetu imeshagawanyika.

Mama ana miaka 78, yuko Rombo, mzee alishatangulia. Nguvu bado anazo, anakata majani ya mbuzi, jumuiya hakosi, ila magoti yamechoka na ana presha. Masika hii aliteleza usiku akienda chooni, hakuvunjika Mungu mkubwa, ila kuanzia siku hiyo kaka mkubwa kashupalia kwamba imetosha, aje akae kwake Goba, Dar. Mama kagoma. Anasema Dar alishakaa akaona, geti linafungwa asubuhi, watoto shule, wenye nyumba kazini, anabaki yeye na binti wa kazi na tivii, hakuna hata wa kumsalimia kilugha. Na kihamba, yaani shamba letu la ukoo, anamwachia nani, kaburi la mzee liko pale pale migombani.

Kwa mila zetu mimi kitinda mimba ndo nilitakiwa nikae pale na wazazi, lakini ajira iko huku, pale ningekula nini. Na kinachonishangaza tulichanga tukamjengea nyumba nzuri ina choo cha ndani, yeye bado analala kwenye nyumba ya zamani na kutumia choo cha nje. Kiukweli nataka abaki kwake, swali ni tunafanyaje asije akaokotwa na majirani kashakauka. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_busara_77
Mleteni Dar bana, mama mmoja anawashinda ndugu wote? Mkimsikiliza sana mtakuja kulia.

FundiKoboko
Mkuu Kitindamimba mimi ni fundi ujenzi huku huku Kilimanjaro na nakuambia kwa nini mama haingii kwenye hiyo nyumba, hata sijaiona. Ni nyumba ya Desemba. Mlijenga ya kufikia nyie krismasi. Mlangoni kuna ngazi tatu nne hazina pa kushika, ndani vigae vinavyong'aa kama kioo, ukimwaga tone la maji tu hata kijana anaenda chini, bafu na choo viko mwisho wa korido, swichi ya taa mpaka uitafute, na maji yakikatika hicho choo cha kuvuta kinageuka mzigo kwa sababu lazima abebe ndoo. Choo cha nje anakijua gizani. Mtu mzima hachagui kizuri, anachagua anachokizoea mwili.

Dawa yake sio gharama kubwa. Pale mlangoni vunjeni ngazi muweke mteremko mrefu wa zege, mrefu jamani sio ule mkali wa kupandishia pikipiki, na juu yake msipige niru ya kulainisha, piteni na fagio saruji ikiwa mbichi ibaki na mikwaruzo. Bomba la chuma la kushika pande zote. Chooni bomba lingine ukutani usawa wa kiuno, kando ya sinki la choo pale anapoinukia. Kama hataki kabisa choo cha ndani basi mfuateni huko huko nje, mjengeeni kiti cha saruji juu ya shimo ili asichuchumae, njia yenyewe kutoka mlango wa nyumba ya zamani mwage zege upana wa watu wawili, na taa ya sola inayowaka ikiona mtu. Rombo na tope la masika tunalijua. Na vindala vilivyokwisha soli vitupeni, hivyo vinaangusha wazee wengi kuliko mnavyodhani.

Simtank wekeni juu hata kama bomba lipo, muhimu maji yasikatike.

MamaWawili
Nimesoma nimecheka kidogo nimenuna sana. Wanaume mnabishana mama akae wapi. Nani anamuogesha akiugua? Mimi ni mkwe, namuuguza mama mkwe wangu huku Tanga, kila ndugu ana maoni kwenye grupu la familia la watsap, wanatuma emoji za maombi, ila mashuka nafua mimi. Kwa hiyo kaka, kabla ya zege na mabomba, kaeni muelewane nani yuko karibu na mama kila siku na analipwa shilingi ngapi. Sio binti wa miaka 14 mmemtoa shule, mtu mzima, mwenye akili zake, mama mwenyewe amemkubali. Mlipeni vizuri na mapema kila mwezi, ana likizo, na akiomba ruhusa ya msiba kuna wa kushika nafasi. Ukisema "jirani ataangalia angalia" maana yake hakuna anayeangalia.

Na mama mwenyewe mlimuuliza anataka nini? Au ndo kikao cha familia alikuwa anawapikia chai?

Nyanza_Mkongwe
Nakazia ya MamaWawili, na naongeza lingine ambalo watu wa kaskazini pengine hamlijui vizuri. Huku kwetu Shinyanga na Mwanza bibi kubaki peke yake ilishakuwa hatari kwa maana nyingine. Wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kisa macho mekundu, na macho mekundu yenyewe ni moshi, kapikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi miaka hamsini unategemea yaweje? Nyuma ya tuhuma ukichimba unakuta shamba, mtu anataka urithi haraka. Kwa hiyo mimi nilipoamua bibi yangu abaki kwake kitu cha kwanza ilikuwa mipaka ya shamba, ikaandikwa, mwenyekiti wa kijiji na majirani wa pande zote wakashuhudia, kila mtu akajua wajukuu wapo na wanafika. Cha pili jiko la gesi, na bomba la moshi kwenye jiko la kuni kwa sababu ugali wa gesi hautaki. Akianza kusahau sahau au kuongea peke yake msiache mtaa useme karogwa au mchawi, huo ni ugonjwa, apelekwe hospitali.

Kijana_wa_Ngambu
Assalam aleikum wakuu. Mie naongea kutoka Unguja. Huku mzee akifika 70 analipwa pensheni jamii, ilianza 2016 kwa 20,000 kwa mwezi kisha ikapanda 50,000, haulizwi alifanya kazi serikalini au alikuwa mvuvi. Si pesa ya kujenga ghorofa, lakini babu yangu anatoka nayo kununua kahawa na tende na kumpa mjukuu mia tano, yaani ana heshima yake, hasubiri kutumiwa. Bara mngeidai hiyo kwa nguvu, sera ya wazee mnayo tangu 2003.

Ila mie naona jambo kubwa kuliko pesa ni baraza. Nyumba zetu za zamani nje kuna baraza ya kukalia, mzee anatoka asubuhi hatua mbili kashakaa, kila apitae anamsalimia, asipoonekana mpaka saa nne watu wanabisha hodi. Mtaa mzima ni mlinzi bila kulipwa. Linganisha na mzee aliyepewa ghorofa ya juu Michenzani, ngazi zile akishuka kupanda tena ni shughuli, basi anakuwa mtu wa dirishani. Kwa hiyo kaka, hapo kwa mama jengeni kibaraza au benchi lenye kivuli upande wa njia, si nyuma ya nyumba. Na njiani kuelekea kanisani na dukani wekeni pa kupumzikia, hata gogo lililochongwa. Mzee hashindwi kwenda, anashindwa kwenda bila kukaa.

Wanjiku_Muranga
Hapo kwa gogo umenibamba 😂 niko Murang'a na hiyo ndo tulifanya kwa shosho, yaani bibi yetu, milima ya huku unaijua ama? Sisi kwetu serikali hutuma 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii kwa wazee wa kuanzia miaka 70, lakini ile shida tulikuwa nayo ni simu. Tulikuwa tunatuma pesa kwa M-Pesa, shosho haoni zile namba vizuri, anapea kijana wa jirani PIN amtolee, unaelewa vile iliendelea. Siku hizi tumeongea na mwenye duka, tunamlipa yeye moja kwa moja, shosho anachukua unga, sukari, maziwa, anaandikwa kwa kitabu, na mtu wa boda ni mmoja tu anajulikana, ako na namba zetu, anampeleka klinik na kumngoja. Cash kidogo anabaki nayo ya sadaka na chama chake.

Halafu msimnyang'anye kazi! Ndugu yangu alikuja akauza ng'ombe eti shosho apumzike. Alikonda ndani ya miezi. Tukamnunulia kuku na mbuzi mmoja, akarudi kuamka mapema kama zamani.

Bush_Calgary
Niko Kanada nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, naomba niwaambie hiki mnachokizungumza huku ni siasa na bajeti kabisa. Mabasi yanainama pembeni mzee apande, vibanda vya basi vina viti, kuna watu kama mimi tunaenda kumwogesha na kumpa dawa kisha tunaondoka ili abaki kwake. Shirika la Afya Duniani, WHO, walitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee 2007, walikaa na wazee wenyewe vikundi kwa vikundi wakawauliza nini kinawasumbua, miji 33, na Nairobi ilikuwemo. Sasa Dar nayo ina mwendokasi, jukwaa liko sawa na mlango wa basi, hapo sawa, lakini kufika kwenye kituo unavuka mitaro na vifusi, na daladala konda anasema "ingia ingia tunaondoka" mzee mguu mmoja bado chini. Huku wana kila kitu hicho, na bado nina wateja ambao mtu pekee anayewagusa mkono kwa wiki ni mimi. Kwa hiyo mama yako asije Goba kwa sababu ya usalama tu.

Kitindamimba_Rombo
Wakuu nimewaelewa. FundiKoboko umenitisha, ngazi za nyumba ni nne kweli. MamaWawili nimempigia mama nikamuuliza anataka nini, kasema choo anachotaka kiwe karibu na jiko, na anataka binamu yetu mmoja mjane aje akae naye kwa sababu wanaimba kwaya pamoja. Sikuwahi kulifikiria hilo la binamu. Nimeshampigia, tunaongelea malipo. Kaka bado kanuna ila kakubali kulipia zege. Kwenye presha je, nifanyeje maana dawa zinaisha na hasemi?

Nesi_wa_Zamu
Hapo nipo. Dawa kwanza, mwambie huyo binamu amsindikize siku ya kliniki ya presha, waulize kila dawa ni ya asubuhi au jioni. Mara nyingi nakuta bibi anameza dawa ya kukojoza usiku, basi anaamka mara tatu kwenda nje gizani na kichwa kinazunguka akisimama ghafla, mnasema kaanguka sababu ya uzee. Hiyo kwa kawaida inamezwa asubuhi, ila asihamishe saa mwenyewe, waulize pale pale. Usiku akitaka kuamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndo asimame, na ndoo yenye mfuniko iwe chumbani, hakuna aibu.

Macho nayo yakaguliwe, mtoto wa jicho unatolewa, hospitali ya KCMC pale Moshi si mbali sana na nyie. Kama kuna mwajiriwa mwenye bima ya afya ya NHIF kati yenu ulizeni kumuingiza mama kama mtegemezi. Kwa wazee wa 60 kuendelea wasiojiweza matibabu ni bure serikalini, wanatambuliwa kupitia kijiji, lakini bure bila dawa dirishani mnaijua, kwa hiyo tengeni hela ya duka la dawa kila mwezi. Na muulizeni mtendaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa hapo kijijini ni nani, apewe namba yako na ya binamu. Presha apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama, muwakumbushe hilo, wengi wanapima ya kukaa tu.

mzee_wa_busara_77
Haya, nimeshindwa mimi. Nesi hiyo ndoo yenye mfuniko kwa wanaume wazee nao inafaa? Nauliza kwa ajili ya rafiki.